Kigari cha Mama na Mikono ya Kitinda

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu kwanza, maana nikianza na yaliyonikalia rohoni utadhani nimesahau kwamba nakupenda. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo, na kile kikohozi chako kimekuachia? Sisi huku wazima. Macho ya mama yana nafuu; anasoma herufi kubwa, na vumbi analiona hata pale ambapo mimi silioni.

Sasa nikwambie. Nimechukia, na sitakuficha. Nimechukia mpaka chai imenishinda.

Unakumbuka ile injini kubwa uliyotuma, pamoja na rimu pana na lile boksi la mipira ya chini ya gari, ili kigari cha mama kipate nguvu? Mama anakitumia kwenda kliniki ya macho na kurudi. Sijui ulitaka ashindane na nani. Lakini ulituma kwa mapenzi, na mume wa mdogo wetu Kitinda akajitolea kuvifunga vyote mwenyewe. Shemeji yetu unamjua: kazi yake ni kuuza rangi za nyumba, ila kwa utani tulimpachika jina la Injinia, na siku hizi analiitikia bila haya.

Tangu hapo kigari kikawa na tabia chafu. Ukikanyaga mafuta, kinakimbilia upande wa magari yanayokuja. Ukiachia, kinarudi pembeni kana kwamba hakijafanya kitu. Siku moja Kitinda alikuwa anampeleka mama kliniki, akaongeza mwendo ili aipite baiskeli ya mizigo, usukani ukamshinda nguvu. Lori likawakosa kwa upana wa kiganja. Mama alishuka, akaketi ukingoni mwa barabara, akakataa kupanda tena. Sasa anaomba lifti kwa majirani, mama yetu huyu asiyependa kuomba hata chumvi.

Injinia alikuwa na jibu tayari. Alisema gari halina kosa, ni mikono ya mke wake ndiyo inayovuta. Eti gari lenye nguvu linataka dereva. Aliyasema hayo mezani, mbele ya wakwe zake, huku anatafuna. Nasi nyumba yetu unaijua, kazi ya mkwe hatuikagui, tena kazi aliyoifanya bure. Kila aliyekiendesha alikaza mikono, akarudi, akasema barabara mbovu.

Nawe usijifiche kwa kuwa uko mbali. Ulimtumia Kitinda ujumbe wa kumcheka, ukamwambia arudi kwangu aanze somo la kwanza. Alinionyesha huku naye anacheka, lakini tangu siku ile hajagusa ufunguo. Mimi ndiye niliyemfundisha, na tangu nianze kukalia kiti cha mwalimu wa udereva sijapata mwanafunzi mwenye mikono mitulivu kama yeye. Nimempa nafasi ya kufundisha pale shuleni kwangu. Ameikataa, anasema hawezi kumfundisha mtu kitu asichokijua. Nitamshikia nafasi hiyo mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo siwezi.

Mimi natembelea gari la shule, kwa hiyo kigari nilikuwa sijakigusa. Jana nilivaa suruali kuukuu ya mume wangu nikakivamia. Upepo wa matairi ulikuwa sawa pande zote. Nikayabadilisha magurudumu ya mbele, la huku likaenda kule, nikazunguka nacho mtaani: kikavuta upande uleule. Basi si matairi. Nikavuta hendibreki, nikamkalisha Kitinda kwenye usukani. Alikubali kwa kuwa gari halikuwa linakwenda popote. Nikamwambia atie gia na kuachia klachi kidogo kidogo, mimi nimechuchumaa kando natazama. Gurudumu la upande wake lilitulia. La upande wa abiria likasogea mbele, na alipokanyaga klachi likarudi, kama jino bovu.

Nikakipandisha kwa jeki, nikakikalisha juu ya stendi, nikafungua kile chuma kirefu kinacholizuia gurudumu lisicheze mbele na nyuma. Mwishoni mwake ndipo inapokaa ile mipira migumu uliyotuma. Upande wa dereva ilikuwapo, mipya, imekaa barabara. Upande wa abiria nilitoa kitu laini cha bluu, kimelowa oili, kinanuka. Nilikigeuzageuza, siamini. Kilikuwa kipande cha kandambili. Mama alikisogeza karibu na macho yake.

“Hii si ile yangu ya bafuni?”

Ilikuwa yake. Nikasikia kinyaa, na wala si kwa sababu ya oili. Injinia alikuwa amepasua mpira alipoulazimisha kuingia, akaona haya kusema kwamba ameharibu kitu kilichotoka mbali, akaenda kukata kandambili ya mama mkwe wake. Hilo ningelisamehe, haya humpata kila mtu. Lakini alijua! Alijua kilichomo chini ya gari wakati anaisema mikono ya mkewe, na akamwacha ampakie mama. Nilipomuuliza akanijibu, “Dada, ile ilikuwa ya muda tu.” Nilimwambia aondoke mbele yangu kabla sijamlisha kile kipande.

Nimenunua mpira wa kweli na kuufunga kwa mkono wangu. Leo asubuhi nimekijaribu. Ukikanyaga sana, injini yako bado inautingisha usukani kidogo, lakini kinakwenda kimenyooka. Nikambembeleza Kitinda akiendeshe, nikiwa kando yake, barabara tupu. Alipokanyaga mafuta tukaanza kunyemelea mtaro. Gari halina kosa tena, mdogo wangu. Safari hii ni mikono yake kweli iliyokuwa inavuta, inapigana na kitu ambacho hakipo.

Akasimamisha gari. “Umeona, dada? Ni mimi.” Akanikabidhi ufunguo.

Nimemweleza mpaka sauti imekauka. Hanisikii, anasema dada lazima amtetee mdogo wake. Mumewe amefumba mdomo. Umebaki wewe. Mimi usinitumie pole, na Injinia usimwandikie. Mwandikie Kitinda. Mweleze kilichokuwa chini ya lile gari, na umwambie ulikosea kumcheka. Mwandikie leo.

Mama anakusalimu sana, na mume wangu, na shangazi aliyekuja kututembelea. Wabusu watoto, msalimu wifi yangu. Mungu awalinde mkitoka na mkirudi.

Dada yako akupendaye, hata kwa hasira hizi.