Ile Nyekundu

Jumatatu, 3 Juni

Mwangaluka, daftari langu. Mimi sijambo, mgongo tu. Leo mimi na Kulwa, msaidizi wangu, tumefungua injini mbili hapa gereji. Pikapu ya shemeji Shija, ndugu wa mke wangu, ilitoka Ijumaa na klachi mpya, na tangu hapo hajapiga simu. Shija akinyamaza ujue gari ni zima. Bwana asifiwe.

Jumanne, 4 Juni

Gari la Shija limepasuka Dutwa. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, imechomoka ikizunguka, ikavunja nyumba ya klachi, ikapanda sakafuni kwa dereva. Kandambili ya kushoto vipande viwili. Kidole kidogo cha mguu hakipo.

Nimemkuta hospitali. "Shemeji, nimebaki na tisa. Vinanitosha."

Nikatoka nje nikakaa chini, kwenye vumbi. Nimezeeka kwenye kazi hii, sijawahi kuona kitu kama hiki.

Jumatano, 5 Juni

Tumelivuta gari hadi gereji. Bolti tatu za flaiwili zimekatika, tatu zimejifungua zenyewe. Nimempigia muuza spea, nikamwita mwizi, kwamba kaniuzia bolti bandia. Akasema, "Fundi, zitazame kwanza." Sikuzitazama. Nilikuwa na hasira.

Jioni mke wangu kaleta habari za kwao Sapiwi. Siku ile ya Ijumaa Bibi Kabula, mjane jirani yao, alisimamisha pikapu apakie marobota yake ya pamba. Shija akampita. Bibi akamwambia, "Pita tu, na wewe utachechemea." Sasa baba mkwe anasema bibi ndiye kalifunga gari kwa uchawi. Wamempa hadi Jumapili ahame.

Mke wangu ananiuliza, flaiwili inaweza kuchomoka hivihivi? Nikajibu sijui. Kweli sikujua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimezitazama.

Kwenye nyuzi za bolti, ile mistari ya kuzungushia, kuna ngozi nyekundu, inavutika kama mpira. Silikoni. Ile tunayopaka sampu, bakuli la oili chini ya injini, isivuje.

Matundu ya bolti hizi kwenye krenki, mhimili wa injini, yametoboka mpaka ndani, oili inapanda nyuzi taratibu. Unaziosha kwa petroli, zikauke kabisa, ndipo unapaka gundi ya bolti, ya kichupa kidogo, ile isiyoogopa oili. Hiyo ikishika, hufungui mpaka uipashe moto. Silikoni haishiki nyuzi. Heri hata ungepaka sabuni, ungejua umepaka sabuni.

Nikamgeukia Kulwa kwa ukali. Hakupandisha sauti.

"Kaka, siku ile nafunga klachi nilikupigia. Ulikuwa kwenye maombi. Ukaninong'oneza, weka ile nyekundu."

Gundi ya kichupa ni nyekundu. Silikoni ni nyekundu. Miaka yote zote mbili tunaziita ile nyekundu.

Sijala.

Ijumaa, 7 Juni

Nasali, naisikia sauti yangu mwenyewe. Weka ile nyekundu. Nikisema, nani ataniletea injini tena? Nikinyamaza, bibi wa watu anafukuzwa. Na kufukuzwa kwenyewe huenda kusiwe mwisho. Huku kwetu tunajua vikongwe wanaosingiziwa huishia wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Ee Mungu. Sina zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda ibada. Nimekwenda Sapiwi, bolti mfukoni.

Watu wamejaa uani kwa baba mkwe. Bibi Kabula kakaa peke yake, kilemba kipya, kama mtu wa safari. Nikaweka bolti kwenye kigoda. Nikaivuta ile ngozi nyekundu wote waione. Nikasema, aliyelifunga gari hili ni mimi, na dawa niliyotumia ni hii.

Mmoja akasema, "Kumbe wachawi wanatoka kanisani." Wakacheka. Nikaacha wacheke.

Baba mkwe akauvuta ule mpira, akaunusa. Kisha: "Shija ana kidole pungufu kwa sababu yako, mkwe." Nikasema ndiyo, baba. Akainuka akaingia ndani. Kikao kikaishia hapo.

Nikapiga goti mbele ya bibi. Akanitazama.

"Na pamba yangu ataibeba nani?"

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi Kulwa kaazima guta la matairi matatu, tumebeba pamba ya bibi. Mchana nimekifunga kichupa kitambaa cheusi. Sasa kinaitwa ya nyuzi. Ile nyingine, ya sampu. Neno nyekundu halisemwi tena humu.

Hakuna injini iliyoletwa leo. Nimefagia.

Nimemtumia muuza spea ujumbe. Ndugu yangu, nilikukosea, bolti zako zilikuwa nzima. Naomba unijibu mapema.