Mama Mkwe Anawaonyesha Wanunuzi Doa la Ukutani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako mapema, kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitamdanganya mama mkwe wangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nioe, na kila nikilifikiria jasho linanitoka, kwa hiyo acha nikueleze tangu mwanzo kabla sijaghairi kuandika.

Mimi ni fundi rangi, mwaka wa ishirini na saba huu napaka nyumba za watu, na kwa vile mganga hajigangi, nyumba yangu mwenyewe ilikaa na rangi ileile tangu binti yetu wa pekee anatambaa mpaka akaolewa. Sasa mwezi uliopita binti huyo amejifungua mapacha huko anakofundisha, siku nzima ya safari kutoka hapa, na tangu ile simu iingie mke wangu hapiki kitu chumvi ikakaa sawa, mara imezidi, mara kaisahau kabisa, anafua huku anaimba nyimbo za kubembeleza watoto ambao hata hajawaona, basi tukakubaliana tuuze hapa tuhamie huko, mimi, yeye na mama yake, ambaye tunaishi naye tangu alipofiwa na mumewe. Jirani na binti tumepata kinyumba cha vyumba vitatu, na mwenyewe amekubali kutusubiri mpaka mwisho wa mwezi, ukipita anampa mtu mwingine, na mke wangu ameshapanga kichwani kitanda cha nani kitakaa wapi.

Dalali akaja, akazunguka, akasema mtu hununua nyumba kwa macho kwanza, maswali baadaye, tutoe makorokoro, tufungue madirisha, tupake rangi. Mshauri, zile siku kumi tulifurahi mno, mke wangu alishona mapazia mapya, mimi nikakwangua mlango wa mbele mpaka mbao yenyewe ikaonekana, na kitasa cha chooni kilichogoma miaka minne nilikibadilisha kwa dakika kumi, tukabaki tunatazamana na kucheka. Fahari ya nyumba ni bustani ya maua niliyomjengea mke wangu miaka sita iliyopita chini ya dirisha la sebule, niliuegemeza udongo ukutani ukapanda karibu na dirisha, ili mtu aliyekaa ndani ayaone maua vizuri, na mama mkwe huyamwagilia ndoo mbili kila jioni, awe mzima awe mgonjwa.

Tatizo liko ndani, ukuta huohuo wa dirishani, una doa la unyevu ambalo mwaka wa tano huu limenishinda, nimelipaka mara saba, hata ile rangi ya kuzuia maji nimeijaribu, linatulia wiki mbili tatu kisha linarudi na rangi inabanduka vipande, mpaka mama mkwe akalipa jina, analiita Mgeni, asubuhi utamsikia, “Mgeni kaamka.” Safari hii nililipiga mikono minne ya rangi, nikasogeza kabati mbele yake, nikasema yamekwisha.

Wanunuzi wakaanza kuja, na mama anawapokea vizuri kweli, anawasalimia, anawauliza habari za nyumbani kwao, halafu anawashika mkono mmoja mmoja anawapeleka nyuma ya kabati, anawaambia, “Njooni mumwone na huyu.” Wanne wa kwanza waliaga hata chai haijapoa. Wa tano ni dereva wa lori na mkewe mkunga, mimba ya kwanza na imeshakuwa kubwa, wakaipenda nyumba, mkunga alikaa dirishani akitazama maua mpaka mumewe akamwita, lakini mama akawapeleka kulekule. Wakasema dereva ana safari, watarudi Jumamosi hiyo niliyokutajia, na getini mkunga akanigeukia akaniuliza, “Na bibi atakuwepo siku hiyo?” Nikaona ameshamwogopa, nikamjibu kwamba labda hatakuwepo.

Dalali ananiambia siku hiyo nimpeleke mama kwa mdogo wake, nimdanganye kwamba anaitwa huko. Nilidhani labda mama hataki kuhama, lakini sanduku lake limefungwa tangu mapacha wazaliwe na amefuma kofia mbili. Mkwe ni mkwe, huwezi kumwambia anyamaze, nilizungukazunguka mpaka akanihurumia akanijibu mwenyewe: “Baba, hao watalala humu na mtoto mchanga. Nikinyamaza, huko kwa vitukuu wangu nitapata usingizi?” Mke wangu hajui mpango wa dalali. Mshauri, nimpeleke mama au nifanyeje?

Ni mimi,
Fundi Rangi Asiyelala

*

Ndugu yangu Fundi,

Hongera ya mapacha kwanza, maana furaha isisahauliwe kwa sababu ya ukuta. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini, ya pili nikakukasirikia kidogo, na sasa nakujibu nikiwa katikati.

Jibu la swali lako ni hapana. Mama hapelekwi popote. Mtu aliyekulelea mke, anayekaa nyumbani kwako na kukumwagilia maua hata akiumwa, humfukuzi kwa hila siku ya wageni kwa kosa la kusema kweli. Na mkeo umwambie leo hii, kabla hajasikia kwa dalali, kwa sababu hilo likimfikia kwa mlango wa nyuma, chumvi itakuwa shida ndogo kuliko zote jikoni kwako.

Sasa tuje kwenye doa. Umeandika chanzo cha ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe, ukakipita bila hata kukisalimia. Bustani ina miaka sita, doa lina miaka mitano. Udongo umeuegemeza kwenye ukuta uleule. Ndoo mbili kila jioni. Maji hayo ulidhani yanakwenda wapi, baba? Kaka yangu ni mwashi, nilimsomea kipande hicho kwa simu akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema hajawahi kukutana na fundi rangi anayeamini kuna ugonjwa wa nyumba usioponywa na rangi. Udongo ukipanda juu ya msingi na kubaki umelowa, ukuta unakunywa, na kilichonywewa nje kinatokea sebuleni.

Wahenga walishatuambia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe wako amekaa miaka mitano na kila mwaka unamvisha nguo mpya. Shika jembe mwenyewe, kesho asubuhi. Ondoa udongo wote ulioegemea ukuta, ushuke mpaka chini ya usawa wa sakafu ya ndani, na ardhi iliyobaki uipe mteremko maji yakimbie nyumba. Maua usiyatupe, yahamishie hatua tatu kutoka ukutani, mkunga atayaona vilevile akiwa dirishani. Ndani, sogeza kabati, bandua rangi yote na plasta iliyooza, acha madirisha wazi ukuta ukauke, kisha mwite mwashi, narudia, mwashi, apige plasta mpya.

Halafu ukae. Usipake rangi. Najua mkono utakuwasha, najua utaamka asubuhi umeshika brashi, lakini ukuta huo uuache mtupu mpaka Jumamosi, wageni wauone ulivyo.

Nadhani pia ulimsikia vibaya yule mkunga. Wanne walioondoka hawakukimbia unyevu, walikimbia kabati. Hata mimi ningekimbia. Ukiona mtu ameficha moja unaanza kujiuliza mangapi mengine hujayaona. Huyu wa tano ameona doa hilohilo na bado ameweka siku ya kurudi, na kitu kimoja tu alichouliza ni kama bibi atakuwepo. Mtu hamuulizii anayemwogopa. Mkunga kila siku anahitaji watu wamwambie kinachouma kabla hakijawa kikubwa, na kwenye nyumba yako yote amempata mmoja. Dalali mshukuru kwa ushauri wa mapazia, ulikuwa mzuri, na hili lingine mrudishie.

Limebaki la ndoo. Mama ameishi akimsema Mgeni asubuhi na kumnywesha jioni, na hakuna aliyemwambia. Mweleze kwa adabu, mkiwa mmekaa, mkeo awepo. Usiogope. Mwanamke aliyelipa doa jina atajua kucheka.

Jumamosi mwekee kiti chake mahali pake pa kila siku. Wakija, umwache awashike mkono.

Ni mimi mshauri wako

*

Wasomaji wangu, jibu hili nilimpelekea fundi wiki ileile, maana siku zake zilikuwa za kuhesabu, na ukurasa nikauweka kando nikisubiri. Jumapili asubuhi akanipigia simu, na nyuma yake nikasikia mwanamke anaimba.

Akaniambia alichimba siku mbili, na mama mkwe alipoelezwa habari ya ndoo alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa, kisha akauliza kama hayo nayo ataruhusiwa. Ukuta ukakauka, mwashi akapiga plasta mpya. Kwa siku kumi na moja za mwisho fundi alikabidhi brashi zake zote kwa mkewe, naye akazifungia kwenye sanduku la cherehani.

Jumamosi dereva na mkewe walifika asubuhi. Mama aliwasalimia, akawauliza habari za safari, akawashika mkono akawapeleka kwenye plasta tupu.

“Huyu alikuwa Mgeni,” aliwaambia. “Mkwe wangu alimpaka rangi, mimi nikampa maji. Tumemtoa kwa jembe. Gusa mwenyewe, mwanangu.”

Mkunga akaweka kiganja ukutani akakiacha pale muda mrefu, kingine juu ya tumbo. Mumewe akatoka nje kuangalia mteremko, akarudi akatikisa kichwa kukubali. Fundi anasema yeye alikuwa amesimama mlangoni hana pa kuweka mikono.

Kisha mkunga akamgeukia. “Tunaichukua,” akasema. “Ila ukuta huu tutakaa karibu nao na mtoto. Kabla hamjahama utanipakia rangi nitakayoichagua mwenyewe?”

Fundi akaenda kwa mkewe kuomba brashi zake.