Mama Mkwe Amelipaka Gari Langu Mafuta ya Kukamulia

Mama Debra, nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari langu hapa Manyatta, na nimelia kidogo. Mwaka jana nililivisha karatasi ya plastiki nyeusi isiyong'aa, ile inayobandikwa juu ya rangi, na tangu siku hiyo naliosha kwa mkono wangu mwenyewe kwa kitambaa laini, kwa sababu fundi alinionya kwamba ikiguswa na nta au grisi imekwisha, na kusema kweli nalitunza kuliko ninavyojitunza. Sasa Jumamosi tulienda Kombewa na wazee wetu kujitambulisha kwa kina Winny, mchumba wangu, na njiani wadudu wa ziwani wakaligonga gari mpaka likajaa madoa, nikaliacha uani nikaingia kukaa na wajomba wa Winny, kumbe huku nje mama yake Winny ameliona na kuwaambia majirani, "Gari ya mkwe wetu imepauka hivi, na watu wanaangalia?" Akapangusa wadudu kwa gunia, akaleta mkebe wa mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe, yale aliyokuwa akimpaka Winny miguuni akienda shule, akaipaka boneti yote kwa viganja vyake. Nilipotoka nikakuta inang'aa miduara miduara na vumbi limeshanasa, na mama amesimama mbali kwa heshima, anatabasamu.

Kwetu mtu hamkabili mama mkwe, kwa hiyo niliaga tu, lakini tulipofika barabarani tukirudi mjini, mimi na Winny peke yetu, wazee wakiwa kwenye gari lingine, nikamwambia mamake ni mshamba. Akaniambia nisimamishe gari. "Mamangu alifanya hiyo kazi na mikono yake, Fabian. Usinipigie mpaka ujue umesema nini." Akapanda boda, na tangu hapo hashiki simu. Tunatakiwa kurudi na ng'ombe wa mahari baada ya wiki mbili, na nimesikia mama amenunua mkebe mkubwa zaidi. Je, niahirishe, ama nikodi gari lingine? Nampenda huyu msichana.

Fabian, Manyatta

*

Fabian, pole kwa gari. Pole yangu inaishia hapo.

Tuanze na boneti, maana naona ndiyo inayokuuma. Usilipeleke kwa wale wa kuosha kwa brashi, wala usiguse dawa ya kung'arisha. Liweke kivulini lipoe, changanya sabuni kidogo ya vyombo na maji ya vuguvugu, pangusa polepole bila kusugua, suuza, rudia. Doa likikataa, tumia spiriti ya duka la dawa iliyochanganywa na maji, ujaribu kwanza pembeni. Wakati mwingine wadudu wafunike kwa taulo lenye maji walainike, siku ile ile, si wiki ijayo. Mikwaruzo ya gunia haitatoka, izoee.

Sasa wewe. Huyo mama aliona kitu chako kimepauka mbele ya majirani, akakusitiri kwa mafuta aliyowapaka watoto wake. Alikuwa ameshakuhesabu miongoni mwao. Mimi nimeolewa miaka thelathini na mmoja na mama mkwe wangu hajawahi kunipangusia hata kiatu, na barua yako imenikera sana.

Simu achana nayo. Nenda kwa Winny kwa miguu, litaje neno ulilosema, useme lilikuwa baya, na usiweke "lakini" yoyote nyuma yake. Gari usilitaje kabisa. Akishakusamehe, habari ya mafuta mpelekee shangazi yake, yeye ndiye wa kuongea na mama: kwamba gari hili halipakwi kitu, linaoshwa tu kwa sabuni. Mpe na kitambaa laini aende nacho. Halafu siku ya ng'ombe nenda na gari hilo hilo, na mama akitoka na ndoo, kaa ndani na wajomba na usichungulie.

Karatasi hiyo, hata ukiitunza vipi, itabanduliwa baada ya miaka mitano au sita. Winny ulitaka ukae naye miaka mingapi?