Chuma Chembamba Mdomoni mwa Kapteni

Mama Imelda, shikamoo. Naitwa Sylvester Machage, nina miaka thelathini na minne, kwetu ni Nyanungu lakini nafanya kazi wilaya ya Serengeti, kwenye kambi ya watalii yenye farasi kumi na mmoja, na mimi ndiye ninayewalisha, kuwasafisha na kuwafunga lijamu, kile chuma cha mdomoni na hatamu zake, kabla wageni hawajapanda. Nakuandikia kwenye ukurasa wako wa mifugo kwa sababu nina swali la kitaalamu ambalo nahitaji jibu lake kabla ya tarehe 30 mwezi huu, na pia kuna jambo sijamwambia mtu yeyote na nimechoka kulibeba.

Tuna farasi anaitwa Kapteni, mkubwa, mwekundu, alinunuliwa Kenya miaka minne iliyopita, na siku zote alikuwa mpole hata wageni waoga tuliwapa yeye, ila kuanzia tarehe 9 Februari (nina shajara, naandika kila jioni, kwa hiyo tarehe zangu ni za uhakika) akaanza kuvuta, yaani ukimvuta hatamu asimame yeye anasukuma kichwa mbele na kwenda tu, mdomo mgumu kama jiwe, na tarehe 21 akakimbia na mama mmoja mgeni mpaka mtoni, mama hakuumia lakini alilia sana, na meneja akaniambia nitafute chuma cha mdomoni kitakachomshika.

Sasa mama, mimi sikusomea farasi, niliishia kidato cha nne Tarime, na ninachojua kuhusu mnyama mwenye nguvu nilikipata kwa baba shambani, kwamba dume la plau likikataa kusimama unaondoa kamba nene unalifunga nyembamba, inauma, linatulia, nikaona hata kwa farasi ni jambo lile lile. Tarehe 27 nilikwenda Nkende kwa fundi wa kuchomelea anaitwa Nashoni, nikampa chuma cha Kapteni, kinene na laini, nikamwomba anitengenezee kingine cha nusu ya unene ule, na akisokote kama kamba. Aliuliza ni cha mnyama gani, nikasema ng'ombe. Sijui kwa nini nilidanganya.

Nilimvalisha tarehe 2 Machi. Alitupa kichwa asubuhi nzima na povu lake lilikuwa na wekundu, nimeliandika, nikajiambia atazoea.

Nina mwenzangu kazini anaitwa Limbu, Msukuma, alikuja huku kuchimba dhahabu Kemambo, akachoka na mashimo akaomba kazi kwetu, na siku yangu ya kwanza aliponiona nimesimama mbele ya farasi nisijue pa kuanzia alicheka akasema, "Mkurya wewe, huyu hana pembe, utamshika wapi?" kisha akanifundisha kila kitu, hata kupanda. Tarehe 4 Machi yeye ndiye alimpanda Kapteni na mimi sikumwambia kwamba chuma kimebadilishwa. Walipofika getini Limbu alivuta hatamu mara moja tu, kama alivyozoea, na Kapteni akasimama kwa miguu ya nyuma, akazidi kuinuka, akaanguka chali na Limbu akiwa chini yake.

Nilipofika Kapteni alikuwa ameshainuka, damu inamdondoka mdomoni, na Limbu yuko chini ananiita kwa jina. Mama, mimi nilianza kwa farasi. Nilimvua kile chuma nikakifukia kwenye gunia la pumba, ndipo nikaenda kwa Limbu.

Amevunjika nyonga. Madaktari wanasema huenda atatembea kwa fimbo. Mke wake Hilaria amehamia hospitalini, kila nikienda ananishukuru, na Limbu mwenyewe aliniambia, "Usijilaumu, Sylvester, yule mnyama ana wazimu." Nikajibu ndiyo.

Meneja amesema Kapteni atapigwa risasi tarehe 30 kama sitakuwa nimepata chuma cha kumdhibiti. Kuna mtu Sirari ana chuma kutoka Kenya, kina mikono mirefu pembeni na mnyororo wa kubana kidevu, anasema hicho kinasimamisha hata lori. Nikinunue? Au kuna kingine? Kwa ajili ya kumbukumbu niongeze kwamba tangu tarehe 5 Februari Kapteni anadondosha majani akitafuna na analaza kichwa upande wa kushoto. Sijui kama inahusu.

Sylvester, Serengeti

MAMA IMELDA ANAJIBU

Marahaba, Sylvester. Inahusu. Umeniandikia kurasa tatu, na ugonjwa wa farasi wako umeuweka kwenye mstari wa mwisho kwa ajili ya kumbukumbu.

Nimekuwa afisa mifugo miaka ishirini na sita, lakini farasi niliowatibu nawahesabu kwa vidole, kwa hiyo barua yako nilimsomea daktari anayewajua. Hata hakungoja nimalize. Alisema farasi mpole anayeanza kudondosha majani tarehe 5, na tarehe 9 anaanza kuvuta, anaumwa jino. Magego ya farasi huota ncha kali pembeni, zinachana shavu na ulimi, na kila ukivuta hatamu unamkandamiza palepale. Kapteni hakuwa na mdomo mgumu. Alikuwa na mdomo unaouma, nawe ukamwongezea chuma kinachokata.

Baba yako hakukosea. Ng'ombe akiumia husimama. Farasi akiumia hukimbia, na ukimzuia kukimbia mbele, atakwenda juu. Hicho ndicho kilichotokea getini, na umefanya kazi na farasi muda wa kutosha kujua kwamba povu jekundu si la kuandika na kufunga daftari.

Cha Sirari usinunue. Mikono ile mirefu huzidisha nguvu ya mkono wako mara kadhaa, na juu ya kidonda ni ukatili mtupu. Asiwekewe chuma chochote kwa wiki sita. Aletwe daktari wa farasi, amfungue mdomo kwa kifaa chake, asage ncha za meno na kutibu vidonda. Akipona, mwanzishe kwa kamba ya kichwani tu, ndani ya uzio, hatua za kutembea, ajifunze upya kusimama kwa sauti na kwa uzito wa mpandaji. Baadaye mrudishie chuma kinene, laini, chenye kiungo kinachokunjika katikati. Kikivaliwa sawasawa kinaacha mkunjo mmoja au miwili kwenye pembe ya mdomo, na nafasi ndogo kila upande kisibane midomo. Na mgeni asimpande mwaka huu.

Sasa lile jingine. Nakuonea huruma, Sylvester, maana mtu asiye na dhamiri asingeniandikia. Lakini uliruka mwili wa rafiki yako kwenda kuficha chuma, na tangu siku hiyo umemwacha amlaumu mnyama na akufariji wewe. Leo, si kesho, kitoe kwenye pumba. Nenda kwa meneja na shajara yako, mwonyeshe tarehe moja baada ya nyingine. Huenda ukafukuzwa. Kisha nenda hospitalini ukamwambie Limbu, mbele ya Hilaria, na usiombe msamaha kwa haraka. Mwache akasirike. Ni haki yake, nawe umemnyima kwa wiki kadhaa.

Siwezi kukuahidi kwamba Kapteni ataepuka hukumu yake. Meneja ana mtu hospitalini na kambi ya kulinda. Kama baada ya ukweli wote bado ataamua risasi, usimwachie mtu asiyemjua kazi ya kumtoa zizini. Mtoe wewe, kwa kamba ya kichwani, mdomo ukiwa mtupu, na usimame naye mpaka mwisho.