Bongsunga au Baerong

Jumatano, 1 Agosti 2018

Digrii thelathini na nane. Nimeshuka basi la kutoka Gwangju saa tano, shati limenigandia mgongoni. Shule tumefunga mpaka tarehe ishirini.

Mama alikuwa getini, ameshika nguzo, anajifanya anatazama barabara. Anaishika ili asianguke — nimeliona kabla hata sijamwamkia. Midomo yake imekuwa ya zambarau. Valvu ya moyo haifungi tena. Upasuaji tarehe kumi na moja Septemba.

Mplamu wa kando ya mitungi ya kuchachushia soya ulikufa kwa baridi. Baba ameung'oa na kisiki chake. Pamebaki duara la udongo mtupu, na bongsunga za Mama, maua ya kiangazi, zimelizunguka kwa uwekundu wake, kama watu wanaochungulia kisima. Sasa nyumba nzima ina neno moja tu: pale papandwe nini? Baba anataka mti wa baerong. Mama anataka bongsunga zisogee, zijaze.

"Wewe si ndiye mwalimu wa mimea?" Baba ameniambia mezani. "Amua."

"Haamui mtu kabla hajamaliza tambi zake," Mama akasema.

Tumecheka. Halafu tukasikiliza Mama anavyohema baada ya kucheka.

Alhamisi, 2 Agosti

Nimekaa barazani na daftari nikagawa ukurasa mara mbili. Uzuzu wa kiualimu! Lakini mikono inataka kazi.

Bongsunga: ua la msimu mmoja. Linafika gotini. Linachanua kiangazi, jalidi ya kwanza inalimaliza kwa usiku mmoja. Nyoka hawalipendi, ndiyo maana kila nyumba hapa inalo karibu na mitungi. Halizuii jua, na soya bila jua inaoza. Petali zake zinapaka kucha kama hina. Kila mwaka lazima mtu alipande upya.

Baerong: siku mia moja za maua, Julai mpaka Septemba. Unaishi miaka mingi kuliko aliyeupanda, kuliko hata wajukuu zake. Shina laini, halina gamba la maana. Kivuli kitafika kwenye mitungi baada ya miaka kumi. Hauhitaji mtu.

Hapo kalamu ikasimama. Hauhitaji mtu. Mbona nimeandika hivyo?

Jumamosi, 4 Agosti

Shangazi Maksun amekuja na tikiti maji na mdomo wake. Hakuvua viatu kwanza, alianza na Baba uani.

"Baerong? Mti wa makaburini? Umerukwa na akili, kaka? Mti ulio uchi vile, kama mifupa iliyooshwa — unauweka mbele ya dirisha la mgonjwa?"

"Hata majumba ya wasomi wa zamani yanayo, dada."

"Wewe msomi wa nini? Wa vitunguu?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mwache, wifi. Tangu tuoane anautamani. Ni mimi niliyemkatalia."

Kwa nini alimkatalia, sikuwahi kuuliza. Nimeuliza leo. Mama amesema mti ule unamfanya mtu azoee kuutazama, akasahau kuinama. Bongsunga inakuinamisha. Basi, hilo tu.

Jioni nikamwambia: nikupake kucha, kama zamani. Uso ukamng'aa! Nimechuma petali na majani, nikaponda na kipande cha shabu kwenye kinu cha vitunguu saumu. Nimeweka kidonge juu ya kila ukucha, vyote kumi, nikafunga kwa nailoni na uzi. Baba akapita: "Na za miguu je? Awe bibi harusi kamili." Mama akamrushia kandambili. Za miguu akakataa — ana aibu, miguu imevimba.

Amelala ameinua mikono kifuani kama mtu aliyekamatwa. Na mimi nimejifunga kidole kidogo cha kushoto. Kimoja tu, nimsindikize.

Jumapili, 5 Agosti

Nimemfungua asubuhi. Rangi ya chungwa, kama tunda la kaki lililoiva, mpaka kwenye ngozi. Akavinyoosha vidole juani na kuvigeuza-geuza.

"Ikibaki mpaka theluji ya kwanza, unampata unayempenda," akasema.

"Mama, unaye tayari. Yule pale anakwangua masikio kwa kijiti cha kiberiti."

Akacheka. Halafu akahesabu kimyakimya, nikamwona anavyogusa kidole kimoja kimoja. Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Ukucha unakua milimita tatu kwa mwezi — nafundisha hilo kila mwaka. Kufikia theluji inabaki ncha nyembamba kama mwezi mchanga. Ikiwa hukati sana. Ikiwa upo.

Sijapenda nilivyoandika sentensi hiyo. Naiacha.

Jumanne, 7 Agosti

Kalenda inasema vuli imeanza leo. Kalenda haina aibu.

Nimekwenda na Baba kwenye kitalu cha Bwana Tak. Baerong zimepangwa kwenye vyungu vya plastiki, nyekundu, nyeupe, zambarau. Baba alisimama mbele ya mmoja wa rangi ya waridi, umemzidi kimo kidogo. Akapapasa shina. Ukipapasa shina la baerong majani ya juu hutetemeka, watu wanasema mti unatekenyeka. Baba yangu, miaka sitini na minne, anautekenya mti!

Bwana Tak akasema asiupande sasa. Joto hili litauua, asubiri majani yapukutike, au Machi. Baba akaitikia, lakini hakuondoka.

Nilimwuliza garini. Kwa nini usimwachie Mama maua yake? Hajakuomba kitu kingine mwaka huu wote.

Akajibu huku akiendesha. Kwamba yeye hajui kuzipanda. Kwamba zile zinazojiotea zenyewe, kila Aprili huzilima akidhani magugu, na Mama humgombeza. "Mti sitaulima kwa bahati mbaya, Dasol. Mti utachanua hata nikiwa peke yangu sijui kitu."

Peke yangu!

Nimemfokea. Baba yangu mwenyewe! Nimemwambia kumbe umeshamzika, umebaki kuchagua mti wa kuweka juu. Alipaki gari, akashuka, akaenda kumwagilia vitunguu mchana wa jua kali. Hakuna mkulima anayemwagilia saa hiyo.

Mama hajui tulichozungumza. Au anajua. Chakula cha jioni alimtolea Baba miiba ya samaki, kitu ambacho hajakifanya tangu nizaliwe.

Alhamisi, 9 Agosti

Hospitali imepiga simu. Mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi ipo Jumanne ijayo, tarehe kumi na nne. Tunaitaka? Mama akajibu yeye mwenyewe, haraka, kama mtu anayepewa kiti kwenye basi: tunaitaka.

Jioni alikaa kwenye kigoda karibu na mitungi, akafuta vifuniko kimoja kimoja. Nikakaa naye. Alisema, bila kunitazama: "Baba yako huzipanda bongsunga kina kirefu mno. Mwaka ule nilipokuja kukuuguza Gwangju nilimwachia mbegu. Haikuota hata moja. Alinificha wiki nzima, masikini. Alinunua maua sokoni akayachomeka."

Nikamwambia nitamfundisha.

"Ana mikono ya vitunguu huyo," akasema, akaendelea kufuta.

Nimerudia ukurasa wangu wa safu mbili. Nimeandika chini ya bongsunga: inampenda mtu mmoja. Nikakata. Si biolojia hiyo.

Jumatatu, 13 Agosti

Wodi, ghorofa ya sita. Naandika nikiwa nimesimama.

Muuguzi alikuja na fomu, akaushika mkono wa Mama kumfunga mkanda wa jina. Akausimamisha hewani.

"Hii nini?"

"Bongsunga," Mama akasema kwa fahari.

"Nani amempaka?"

Mimi. Mimi mwenye shahada. Karatasi ya maelekezo ya hospitali niliisoma: kucha ziwe tupu. Niliwaza rangi za chupa, za kufuta kwa dawa. Hii haifutiki — inakua tu, ukakata. Mtoa ganzi hutazama kucha kujua kama hewa inafika. Kila bibi kule kijijini anajua, usimpake bongsunga mtu anayekwenda kupasuliwa! Shangazi angekuwapo jioni ile angenipiga na kinu. Lakini upasuaji ulikuwa Septemba, nikajiambia Septemba ni mbali. Na hata Septemba zisingekuwa zimeisha! Milimita tatu kwa mwezi, mwalimu. Nilihesabu theluji. Sikuhesabu kisu.

Nimesugua kwa spiriti, kwa limau, kwa dawa ya meno. Ngozi imekuwa nyekundu, kucha ziko vilevile. Mama ananiangalia nikilia. "Usiitoe," akasema. "Naipenda."

Muuguzi akarudi na daktari kijana wa ganzi. Akafunua shuka miguuni. Akabonyeza kucha za vidole vikubwa, moja, nyingine. Hazina kitu. "Tutatumia hizi, na ndewe ya sikio," akasema. "Nani alikuwa na akili ya kuziacha?"

"Aibu," Mama akasema.

Baba alicheka peke yake. Alicheka vibaya, akatoka kwenda ukumbini.

Mama ameniomba simu yangu na dakika tano. Anampigia Shangazi, amesema. Nimetoka kumtafuta Baba.

Jumanne, 14 Agosti

Wamemwingiza saa mbili na dakika ishirini. Kitanda kikisukumwa alinyanyua mikono yote miwili, vidole vimetanuliwa, kama mtoto anayeonyesha umri wake. Mlango ukafungwa.

Saa nne. Ubao wa chumba cha kusubiri unasema "anapasuliwa". Baba amenunua kimbap, wali uliofungwa kwa mwani. Hatujaifungua.

Saa tano na nusu. Ubao hauna habari mpya. Nimemwomba Baba radhi kwa yale ya garini. Akasema, "Yapi?" Kisha akasema amefikiri, pale pabaki pa bongsunga, nimwandikie kwenye karatasi kina cha mbegu, kwa sentimita. Nimemwandikia: nusu. Ameikunja akaiweka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.

Saa sita na dakika kumi. Simu ya Baba imeita. Nilidhani ni huko ndani. Ni Bwana Tak. Yuko getini kwetu na lori na ule mti wa baerong wa rangi ya waridi, alioupapasa Baba. Baba akamwambia amekosea, hakuagiza kitu. Sauti ya Bwana Tak nilikuwa naisikia hata mimi: hajakosea, Mama Dasol mwenyewe alimpigia jana, kwa simu yangu — kumbe hakuwa anampigia Shangazi. Alimweleza kuhusu joto, akamwambia asubiri majani yapukutike. Mama akakataa. Alisema upandwe leo. Usingoje.

Mama. Anayengoja soya mwaka mzima bila kufunua kifuniko.

Bwana Tak anauliza jambo moja tu. Shimo ni dogo, itabidi apanue. Maua haya mekundu ayang'oe?

Baba amenipa simu. Ubao bado unasema "anapasuliwa". Nimeishika simu kwa mkono wa kushoto, ukucha wangu mmoja wenye rangi uko mbele ya jicho langu.

"Hallo?" anasema Bwana Tak. "Niyang'oe?"