Aboubacar kwa Hyacinthe

Shakuru, uko? Soma hii, na usimwambie mutu.

Leo komite ya timu yetu ya basket ilikaa kwenye garaji ya Mzee Nassoro, hapa Bwiza. Maneno ni yale yale: tumutoe Aboubacar, timu ya Mutanga Sud itupe Hyacinthe. Tangu Idi tunalia kwamba hatuna mutu wa kufunga kutoka mbali.

Mi nilimutaka sana, unanijua. Nikawaambia Aboubacar ni murefu lakini magoti yamechoka, na Hyacinthe hakosi.

Bado naongea, akaingia Consolate, dada yake Hyacinthe. Kitenge kimejaa damu. Akasema bomu limeanguka kwao Gihosha asubuhi. Mama yao amekufa. Hyacinthe yuko hospitali, mukono umevunjika vibaya. Ni yeye mwenyewe amemutuma, tusimungoje kesho kwa mazoezi ya kumujaribu.

Ametembea kutoka Gihosha kutuambia hiyo tu, Shakuru. Kwa mguu.

Hakuna aliyesema pole. Hata mumoja.

Mi ndiye nilifungua kinywa. Mama yake hata hajazikwa, na mi namuuliza, "Mukono gani?"

Mukono gani. Nilisema hivyo.

Akanigeukia. Akajibu, "Wa kushoto."

Hyacinthe anatupa mupira kwa mukono wa kulia.

Wallahi nilipumua. Komite nzima ikapumua, na Consolate amesimama pale, anatusikia.