Spika ya Kushoto

Matonge, Kinshasa

Kaka Nsimba, pacha wangu,

Huku pondu ya Mama Wivine bado inazidi chumvi, na bado tunakomba sufuria. Huko Brussels utaipata wapi?

Nimenunua spika mbili ndogo za kuchanganyia muziki. Nilizitaka zile kubwa, muuzaji akanicheka: “Papa, hizo ni za kutetemesha baa! Hizi ndogo hazikuviki kilemba cha ukoka.”

Nikaziunganisha, nikazipanga zinitazame, moja kila upande, nikaweka ile kaseti yetu ya zamani: magitaa yetu mawili, mama akitupigia makofi. Ya kushoto ikawa inanong'ona tu. Nikamlaani muuzaji. Nikabadilisha nyaya, nikazihamisha spika zenyewe. Bado kushoto kunanong'ona. Mwishowe nikageuka, nikazipa mgongo. Mnong'ono nao ukageuka nami.

Kumbe spika ni nzima. Sikio ndilo limekufa. Usimwambie dada, atalia bure.

Unakumbuka kwenye kaseti ile gitaa lako tuliliweka kushoto? Siku hizi nikitaka kukusikia, nakaa nimezipa spika mgongo.

Wako wa upande wa kulia,
Nzuzi